Magnesi Ndani ya Kalibu: Kwa Nini Ganda Lilipasuka

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa karakana za Changamwe. Tumeyapiga chapa hapa kwa ajili ya ndugu wa Likoni na Kisauni ambao hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na nyinyi vibarua ambao bado hamna kadi lakini mmekuja kusikiliza, salaam.

Halmashauri ya tawi imetuomba sisi wa sehemu ya tanuri tueleze habari ya moto uliotokea katika karakana moja ya upande wetu huu wa bara. Jina la karakana hatutalitaja, maana shauri la ndugu yetu aliyeungua halijakwisha, wala hatukuja hapa kumtukana mtu. Tumekuja kueleza jambo moja, yaani nini kilichotokea ndani ya lile ganda la udongo. Msimamizi ameandika katika karatasi yake kwamba ajali ililetwa na "uzembe wa kibarua". Sisi tuliokuwapo twasema moto ule ulikuwa umekwisha wekwa tayari kabla ya kibarua kushika mpini. Nusu yake ilikuwa ndani ya chungu, na nusu ndani ya kalibu. Kumimina kulikuwa ni kuzikutanisha tu.

Siku ile ilikuwa ya masika, mvua imenyesha usiku kucha. Kazi yetu ilikuwa kusubu pangaboi ndogo za pampu kwa njia ya nta. Kwa desturi twatumia alumini. Asubuhi lori lilikuwa limemwaga chuma chakavu uani, na katika rundo lile mlikuwa na maganda ya mashine mepesi mno, rangi yake kama alumini, mengine yana vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Kibarua mmoja, mwenye wiki tatu tu kazini, akaambiwa: "Haya yote peleka chungu cha pili, ni alumini safi." Akapeleka. Hakuna aliyemwambia kuna madini mengine yenye sura hiyo hiyo, na kusema kweli hata mafundi kadhaa miongoni mwetu hawakufikiri.

Chungu kilipopata moto, juu ya uji wa madini pakaanza kuchipuka vitu vyeupe kama maua ya pamba, na katikati yake mwanga mkali wa kuumiza macho. Fundi akanyunyiza chumvi ile ya kusafishia alumini, mwanga ukafifia. Hapo kazi ingesimama. Lakini tukaambiwa tumimine upesi kabla mali haijaharibika. Ganda la kwanza lilipopokea madini lilitoa moshi mweupe, kisha likang'aa kutoka ndani kama taa ya karabai, kisha likapasuka upande wa chini. Madini yakamwagika juu ya sakafu ya saruji, na saruji nayo ikaanza kuruka vipande. Ndipo mwenzetu mmoja, kwa moyo mwema kabisa, akakimbilia ndoo ya maji.

Aliyekuwa ameshika mpini wa upawa ndiye yule kibarua. Mikono yote miwili iliungua, na jicho la kulia mpaka leo halioni sawasawa.

Sasa tuanze na ganda lenyewe. Wengine hapa mwajua kazi ya kalibu za mchanga tu, kwa hiyo tutaeleza kidogo. Hutengenezwa kwanza mfano wa kitu kwa nta. Mfano huo huchovywa ndani ya uji mzito wa unga laini wa mawe, kisha hunyunyizwa mchanga, hukaushwa, huchovywa tena, hivyo hivyo mara sita, saba au zaidi, mpaka lipatikane ganda gumu la kuvaa nta pande zote. Kisha nta huyeyushwa itoke, ganda huchomwa katika tanuri mpaka lawa jekundu, na nafasi iliyoachwa na nta ndiyo hupokea madini. Kazi hii si ngeni kwetu Waswahili. Siwa ya shaba ya Lamu, baragumu lile kubwa la wafalme, ilisubiwa kwa njia hii ya nta miaka mingi kabla ya reli na kabla ya bandari ya Kilindini. Fundi yule alijua nta yake, udongo wake na shaba yake. Lakini shaba ni madini mapole. Yakimiminwa ndani ya udongo hukaa kama mgeni mwenye adabu, hayagusi kuta za nyumba.

Magnesi ni mgeni wa namna nyingine, huvunja kuta akale mawe.

Tunasema hivi si kwa mzaha. Uji wa kuchovyea, katika karakana nyingi, hufanywa kwa silika. Silika ndiyo mchanga mweupe wa kawaida, ndiyo mali ya kioo. Hata pale ambapo unga ni wa jiwe jingine, gundi ya kuushikanisha huwa ni silika iliyo katika maji. Nayo silika, ukiichambua, ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: silikoni na oksijeni. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa tunayoivuta, nayo ndiyo inayolisha kila moto wa kuni na wa mkaa. Ndani ya mchanga imefungwa kwa nguvu sana, ndiyo maana mchanga hauwaki, na ndiyo maana tunauzoea kuwa rafiki wa moto. Lakini magnesi iliyoyeyuka ina njaa ya oksijeni kuliko silikoni. Zikikutana, magnesi humnyang'anya silikoni oksijeni yake, ikawa majivu meupe ya magnesi, na silikoni ikabaki uchi. Silikoni hiyo nayo haikai bure. Sehemu yake hushikana na magnesi nyingine, likapatikana jiwe jeusi linaloacha madoa juu ya kazi.

Hesabu yake ni hii, kwa wale wapendao mizani. Gramu 24 za magnesi hula gramu 30 za silika. Hupatikana gramu 40 za majivu na gramu 14 za silikoni. Kalibu ya silika, basi, kwa magnesi ni chakula kilichopakuliwa. Na jambo baya zaidi ni kwamba mnyang'anyo huu hutoa joto. Joto huzidisha mnyang'anyo, mnyang'anyo huzidisha joto. Mahali ambapo kazi ni nyembamba madini huganda upesi na mchezo hukoma baada ya kuacha doa. Mahali penye unene madini hubaki maji kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo ganda huliwa kwa kina. Tulipookota vipande vya lile ganda kesho yake, upande wa ndani wa kitovu cha pangaboi ulikuwa mweusi na umechimbika, na mbawa zake nyembamba zilikuwa na madoa tu. Vipande hivyo tumeviweka katika kopo, viko ofisini mwa tawi, na karani ameamriwa asiviguse mtu pasipo mashahidi wawili.

Mtu atauliza: mbona alumini hatukuona ikifanya hivi miaka yote? Alumini nayo ina njaa ya oksijeni, tena si kidogo. Lakini alumini ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba iliyobana kabisa, na ngozi hiyo huizuia isiendelee kula. Ngozi ya magnesi haibani. Majivu yake huchukua nafasi ndogo kuliko madini yaliyoliwa, kwa hiyo hupasuka pasuka na kuacha mianya. Ni kama kujifunika shuka fupi. Ukivuta kichwani, miguu iko nje. Kwa mianya hiyo hewa hupita, na mle ndani ya ganda hewa haikosekani, kwani ganda zuri lina vitundu vingi vidogo vya kupumulia.

Lakini bado hatujafika kwenye kishindo. Madoa meusi na mwanga ni kazi ya silika na hewa, ila kupasuka kwa ghafula kuna mwenyewe mwingine, naye ni maji.

Magnesi ya moto ikipata maji huyanyang'anya oksijeni vile vile, na kinachobaki ni hidrojeni, hewa nyepesi inayolipuka ikikutana na cheche. Maji yale yale yasiyopata kunyang'anywa hugeuka mvuke, na lita 1 ya maji ikiwa mvuke hutaka nafasi ya lita 1,700 hivi. Hebu fikiri kijiko kimoja cha maji kimefungiwa chini ya kilo kadhaa za madini ya digrii 700. Kitatoka, na kitatoka na madini yaliyo juu yake.

Maji yale yalitoka wapi? Hatukuwa tumemwagilia ganda. Ndugu zetu, sisi tunakaa Mombasa. Hewa yetu yenyewe ni maji. Nguo ya kazi ukiitundika usiku wa masika asubuhi iko rutuba. Maganda yale yalichomwa siku mbili kabla, yakatolewa tanurini, yakapangwa kwenye rafu karibu na mlango, na yakalala hapo usiku mbili za mvua. Ganda lenye vitundu hunywa unyevu kama mkate. Tulimwambia msimamizi kwamba yarudi tanurini kwanza, tukajibiwa kwamba mafuta ya tanuri yana bei. Neno hilo lilisemwa mbele ya watu wanne, na wote wanne wametia sahihi.

Zaidi ya hayo kulikuwa na lile vumbi jeupe juu ya chuma chakavu. Magnesi ikikaa karibu na bahari, chumvi huila upesi, na kutu yake si nyekundu bali ni nyeupe. Kutu hiyo imeshika maji ndani yake, maji usiyoyaona wala kuyagusa. Ukiitia chunguni, maji hutoka humo humo ndani ya moto. Na yale matundu ya skrubu ambayo hayakutoboka upande wa pili hubaki na maji ya mvua siku nzima. Kila mtu aliyewahi kutia kipande kibichi katika chungu cha alumini anaijua sauti yake. Katika magnesi sauti hiyo ni kubwa zaidi.

Je, hapana mahali duniani ambapo magnesi husubiwa kwa nta bila watu kuungua? Pako, na kazi nzuri sana hutoka huko, ya eropleni na ya mashine nyepesi. Wao walianza kwa kukubali kwamba magnesi ni mwizi, wakajenga nyumba kwa kumjua. Uso wa ndani wa ganda, ule unaogusana na madini, hawaufanyi kwa silika tupu. Hutumia unga wa alumina, au wa zirkonia, au wa itria ambayo ni ghali, maana hivyo huachia oksijeni kwa shida zaidi. Chokaa iliyochomwa pia haiibiwi na magnesi, lakini chokaa hunywa maji ya hewa na kuvimba, hata ganda likaanguka lenyewe. Kwa hali yetu ya pwani hilo ni shauri gumu. Tena hawalipashi ganda moto mkali kabla ya kumimina kama wafanyavyo kwa chuma cha pua. Hulichoma vizuri likauke kabisa, kisha huliacha lipoe mpaka kiasi, na kulilinda lisipate unyevu, ili madini yagande kabla hayajapata wasaa wa kula.

Tena wana dawa. Katika kalibu za mchanga wa kawaida huchanganya kiberiti cha unga, yaani salfa, na unga wa boriki, ule ule ambao wengine wetu huwatilia mende. Dawa hizi zikipata joto hufanya utando juu ya uso wa magnesi ukaziba ile mianya ya shuka fupi. Kwa maganda ya nta hupuliza ndani hewa ya kukinga kabla ya kumimina. Hewa iliyotumika sana ni salfa heksafloridi, haina harufu wala haiwaki, lakini imeonekana kuwa inazidi hewa ya kaboni zaidi ya mara 20,000 kwa kuipasha dunia joto, na nchi za Ulaya zimekwisha piga marufuku matumizi yake katika kusubu magnesi kwa mashine. Wengine hutumia moshi wa salfa, ambao huunguza kifua. Tunayasema haya ili mtu asije akaletewa chupa ya hewa hapa akaambiwa ni dawa tu, pumua. Kila dawa ina upande wake, na mfanya kazi ana haki ya kuusikia upande huo kwa lugha anayoielewa.

Katika karakana yetu hapakuwa na hata moja la hayo. Ganda lilikuwa la silika kuanzia ndani hadi nje, maana lilitengenezwa kwa ajili ya alumini, na kwa alumini lafaa. Hatulilaumu ganda.

Kuhusu ndoo ya maji tungependa kusema kwa upole, maana aliyeimwaga yuko hapa leo na amekuwa halali vizuri. Ndugu, walifanya hivyo hata wenye mafunzo. Mwaka 1955, mwaka ule ule makuli wa Kilindini walipofanya mgomo wao mkubwa, kulikuwa na mashindano ya magari huko Le Mans, Ufaransa. Gari moja la Mercedes-Benz lenye bodi ya magnesi liliruka likaanguka penye watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wazima moto walipolimwagia maji gari lile, moto ulizidi badala ya kupungua. Kama wazima moto wa Ulaya walikosea, je, mtu wa Changamwe ambaye hakuwahi kuambiwa neno alaumiwe kwa lipi?

Basi leo tuambiane. Magnesi inayowaka hufika karibu digrii 3,000. Maji huilisha. Povu ni maji. Chupa ya hewa ya kaboni, ile iliyotundikwa ukutani karibu na ofisi, nayo huilisha, kwa sababu hewa ya kaboni ina oksijeni ndani yake na magnesi huinyang'anya huko huko. Mchanga wa rundo la uani ni silika, na tumekwisha ona magnesi humfanyia nini silika. Tena mchanga wetu wa pwani una unyevu, na una vumbi la matumbawe ambalo likiungua sana hutoa ile ile hewa ya kaboni. Kinachofaa ni unga maalumu wa moto wa madini, wenye alama ya herufi D, au ile chumvi kavu ya kuyeyushia magnesi, itiwe taratibu kwa koleo refu mpaka ifunike. Kifuniko cha chuma kikavu juu ya chungu husaidia. Kama hakuna hata kimoja cha hivyo, ondokeni, fungeni watu wasikaribie, liacheni liungue. Na msiutazame mwanga wake kwa macho matupu.

Lakini moto bora ni ule usiowaka, na kwa hali yetu hapa Changamwe mlango wa magnesi ni rundo la chuma chakavu. Haiji kwetu ikiwa imeandikwa. Huja ikiwa ganda la injini na giaboksi la Volkswagen ya zamani yenye umbo la kobe. Huja ikiwa mwili wa msumeno wa injini, au kiunzi cha ndani cha usukani wa gari la siku hizi, au ganda la kompyuta ya mkononi. Namna ya kuijua ni rahisi na haitaki shule. Kwanza uzito: kipande cha alumini chenye uzito wa kilo 2.7, kingekuwa cha magnesi, ukubwa ule ule, kingekuwa kilo 1.74. Mkono uliozoea huhisi. Pili, piga tupa mahali padogo mpaka pang'ae, kisha tia tone la siki. Alumini hunyamaza. Magnesi hutoa mapovu papo hapo. Unga wa tupa uwe kidogo, na uufute, kwani unga wa magnesi huwaka kwa cheche ndogo tu.

Chupa ya siki, ndugu zetu, na tupa kuukuu. Kwa kukosekana vitu hivyo viwili mtu amepoteza jicho.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya msimamizi. Katibu wetu ameitazama pamoja nasi Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo inamtaka tajiri amlipe aliyeumia kazini. Haisemi kwamba asilipwe aliyekosea. Mtu hunyimwa kwa utovu wa makusudi, yaani alijua na akafanya kwa kutaka, na hata hapo, akiwa amepata ulemavu mkubwa, mlango haufungwi. Neno "uzembe", basi, limeandikwa likitumainiwa kwamba kibarua hatasoma sheria. Na mtu aliyeamriwa kupeleka chungu cha pili kitu alichoambiwa ni alumini, akaamriwa kumimina ndani ya ganda ambalo halikuwa lake wala hakulichoma yeye, amefanya makusudi gani? Tena wasidanganye watu kwamba kibarua si mfanya kazi. Alilipwa ujira.

Ipo na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Kifungu cha 14 kinasema mfanya kazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na tajiri hana ruhusa kumrudisha mtu mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Siku ile fundi alisema ganda lirudi tanurini. Hiyo ndiyo taarifa. Tungeijua sheria tungeweka upawa chini pale pale, na tunakiri mbele yenu kwamba hatukuijua.

Watu wa bara ya Mombasa hatuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba kuyeyusha madini bila kuuliza maswali kuna gharama. Pale Owino Uhuru, karibu na Mikindani, risasi ya betri kuukuu iliyeyushwa miaka kadhaa mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na damu ya watoto ikaonekana ina sumu. Mama Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo hapo, ndiye aliyeanza kuuliza. Mahakama hapa Mombasa iliamuru mwaka 2020 wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliwapa haki wakaazi. Risasi huua polepole, magnesi kwa dakika moja. Tofauti ni hiyo tu.

Tumemwandikia tajiri barua, na nakala imebandikwa ukutani. Tunataka chuma chakavu kiwe chini ya paa, na kila rundo lipimwe na mtu aliyefundishwa ambaye hana haraka ya lori. Ganda lililolala nje ya tanuri lisimiminwe mpaka lipashwe tena. Kila rafu ya maganda iwe na kibao cha kusema uso wake wa ndani ni wa mali gani na kwa madini gani. Unga wa herufi D uwekwe hatua kumi kutoka tanurini, si ofisini. Glavu, miwani na aproni ya ngozi vitolewe kwa kibarua siku ya kwanza, siyo baada ya miezi mitatu. Na lile neno "uzembe" lifutwe. Tumempa siku 14. Yote hayo gharama yake haifiki bei ya maganda yaliyovunjika siku ile, na tumewaonyesha hesabu.

Baada ya maneno haya wanachama waliuliza maswali, nasi twayaandika mawili.

Ndugu mmoja wa Kisauni, anayesubu masufuria katika kalibu za mchanga, aliuliza: kipande kimoja cha magnesi kikiponyoka kikaingia katika chungu cha alumini, tumekufa? Tulimjibu la. Alumini nyingi zina magnesi kidogo ndani yake kwa makusudi, ili ziwe ngumu. Hatari iko pale kinapoingia, kwa sababu ni chepesi na huelea juu kikiwaka. Ukikigundua, kikandamize chini ya uji kwa chuma kirefu kilichokaushwa na kupashwa moto, nacho kitayeyuka humo. Kama vipande ni vingi, zima tanuri na ufunike.

Mama mmoja wa Likoni, ambaye mwanawe hufanya kazi ya kuchagua chuma chakavu, aliuliza kama ndimu yafaa badala ya siki, maana ndimu iko nyumbani. Yafaa. Mapovu huonekana vile vile. Jumamosi, saa nane mchana, tutafanya kipimo hiki mbele ya watu uani mwa ofisi ya tawi. Kila mtu aje na kipande alichokitilia shaka, na akifute maji kwanza.